Mtoto Hasikii: Maana Nne za Neno Moja, na Jinsi ya Kupima Upungufu wa Makini

I. Neno lenyewe

Katika shule za Karatu na Ngorongoro liko neno moja ambalo mwalimu huliandika katika taarifa ya mwisho wa muhula, mama hulisema mbele ya daktari, na mzee wa boma hulitamka akimkabidhi mjukuu wake kwa mwalimu mkuu. Neno hilo ni "hasikii." Kila asemaye hudhani amekwisha kueleza jambo. Walakini kusikia kwa Kiswahili si jambo moja, nasi twataka kuonyesha ya kuwa kumpima mtoto ambaye fikira zake hazitulii ni kazi ya kuzitenga maana za neno hili, moja baada ya moja, mpaka ijulikane iliyo yake.

Maana ya kwanza ni ya masikio: hasikii, yaani ni kiziwi, au masikio yake ni mazito. Ya pili ni ya lugha: twasema "bibi yule hasikii Kiswahili," na masikio yake ni mazima kabisa. Ya tatu ni ya utii: sikio la kufa halisikii dawa, na mtoto asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ya nne imejificha katikati ya hizo tatu. Yuko mtoto ambaye masikio yake ni mazima, lugha aijua, na kutii ataka. Lakini neno humwingia na kupita kama maji katika pakacha. Aambiwa mambo mawili, ashika moja. Aanza hesabu, aiacha katikati. Wenziwe wameketi, yeye amekwisha kuzunguka darasa.

Kuzitenga maana hizi si mchezo wa maneno, kwa sababu kila moja ina dawa yake. Mtoto wa maana ya nne akihesabiwa kuwa wa maana ya tatu, atapigwa kwa jambo asiloliweza, na mwisho ataichukia shule na kuiacha. Mtoto wa maana ya kwanza akihesabiwa kuwa wa nne, atahangaikiwa akili zake huku sikio lake likizidi kuoza. Na mtoto wa maana ya pili akiitwa mgonjwa, ataitwa hivyo kwa sababu tu mama yake alimfundisha lugha nyingine.

II. Ugonjwa wenyewe na majina yake

Matabibu wa Ulaya waliliandika jambo hili zamani. Mwaka 1798 Alexander Crichton, tabibu wa Uskoti, alieleza hali ya mtu asiyeweza kuikaza fikira yake juu ya jambo moja, hata kila kishindo kidogo humvuta. Mwaka 1902 George Frederic Still, tabibu wa watoto wa London, alitoa hotuba juu ya watoto wenye akili timamu walioshindwa kujizuia, naye akasema kwamba upungufu wao ni katika uwezo wa kuiongoza tabia kwa wema. Wasomaji wataona ya kuwa hata tabibu huyo, aliyeangalia kwa uangalifu mwingi, bado alilitazama jambo kwa jicho la maana ya tatu.

Mwaka 1937 Charles Bradley, katika jimbo la Rhode Island huko Marekani, aliona kwamba dawa ya kuchangamsha iliyoitwa Benzedrine iliwatuliza baadhi ya watoto na kuwawezesha kusoma. Mwaka 1980 chama cha matabibu wa akili cha Marekani kiliuita ugonjwa huu upungufu wa makini, na mwaka 1987 kikatia utukutu katika jina lake. Tangu hapo hujulikana sana kwa herufi ADHD. Shirika la Afya Duniani nalo limetia jina hilo katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa, lililoanza kutumika Januari 2022.

Kiswahili chetu kina maneno mengi yanayoukaribia ugonjwa huu, wala hakuna lililo sawa nao. Mtukutu ni asiyetulia. Machachari ni mwenye kurukaruka. Pupa na papara ni haraka isiyongoja zamu. Mzembe ni asiyejali kazi. Mtundu ni neno la ajabu zaidi, maana kwa kinywa kimoja twalaumu utundu wa mtoto avunjaye vitu, na kwa kinywa hicho hicho twausifu utundu wa fundi. Maneno haya yote yana hukumu ndani yake. Husema mtu ni wa namna gani, hayasemi ametenda nini. Kwa hiyo hayafai kuwa ushahidi, ijapokuwa yafaa kuwa mwanzo wa mazungumzo.

Wala ugonjwa huu si wa Wazungu peke yao. Mwaka 2007 Guilherme Polanczyk wa Brazili na wenziwe walikusanya hesabu za nchi nyingi, wakapata kwamba watoto na vijana kama 5 katika 100 wanao. Waliona pia ya kuwa hesabu zilitofautiana zaidi kwa sababu ya namna ya kupima kuliko kwa sababu ya nchi. Mwaka 2012 Muideen Bakare wa Nijeria alizikusanya hesabu za watoto wa shule za Afrika, akaziona kati ya 5.4 na 8.7 kwa mia. Basi katika darasa la watoto 60, si ajabu wakiwamo watatu.

III. Upimaji ni ushahidi

Wazazi wengi hutumaini kwamba hospitalini mtoto atatolewa damu au atapigwa picha ya kichwa, na jibu litatoka. Sivyo. Hakuna kipimo cha damu wala picha iwezayo kuonyesha ugonjwa huu kwa mtu mmoja. Upimaji wake ni ushahidi uliokusanywa kwa taratibu, kama vile baraza la wazee lisivyokata shauri kwa shahidi mmoja.

Taratibu itumikayo sana ni ile ya Marekani iliyotolewa mwaka 2013. Yataja dalili 18 katika mafungu mawili. Fungu la kwanza lina dalili 9 za makini: kukosea kwa kutoangalia, kushindwa kudumu katika kazi, kuonekana hasikilizi anaposemeshwa, kutomaliza, kutopanga mambo, kukwepa kazi ya kufikiri kwa muda mrefu, kupoteza vitu, kuvutwa na kila kitu, na kusahau kazi za kila siku. Fungu la pili lina 9 za utukutu na papara: kuchezesha mikono na miguu, kuondoka mahali pake, kukimbia na kupanda panda, kushindwa kucheza kwa utulivu, kuwa mbioni daima, kusema kupita kiasi, kujibu kabla ya swali kwisha, kutongoja zamu, na kuwaingilia wengine.

Dalili peke yake hazitoshi. Mtoto sharti awe na 6 au zaidi katika fungu moja, au katika yote mawili. Ziwe zimedumu miezi 6. Ziwe zimeanza kabla ya umri wa miaka 12. Zionekane mahali pawili au zaidi. Ziwe zinamharibia masomo, au maisha yake na wenziwe. Tena kusiwe na sababu nyingine iwezayo kuzieleza vizuri zaidi. Mpimaji awe daktari wa akili, mtaalamu wa saikolojia, au daktari wa watoto aliyefundishwa. Na kwa mahali ambapo mabingwa ni wachache, Shirika la Afya Duniani limetoa mwongozo, uliotengenezwa upya mwaka 2016, wa kuwasaidia watumishi wa hospitali za kawaida kutambua mambo haya.

Yafaa tuseme neno juu ya wasichana. Kwa kawaida wavulana wanaotambuliwa huwa wengi kuliko wasichana. Msichana mwenye ugonjwa huu mara nyingi ana fungu la kwanza tu: haruki wala hapigi kelele, huketi nyuma akitazama dirishani, na mwalimu humsifu kwa upole wake mpaka siku ya mtihani. Mwalimu akiwatafuta wale wamsumbuao tu, huyo hatamwona.

IV. Kuzitenga maana nne

Twaanza na masikio, kwa kuwa ndiyo rahisi. Simama nyuma ya mtoto kwa urefu wa mkono mmoja, zibe sikio lake moja, kisha nong'ona tarakimu tatu katika lugha ya nyumbani kwake, naye azirudie. Fanya hivyo kwa sikio la pili, na tarakimu nyingine. Akishindwa, au usaha ukimtoka sikioni, apelekwe hospitali kabla ya neno jingine lolote. Macho nayo yatazamwe. Asiyeona ubao hawezi kudumu akiutazama.

Pili ni lugha. Nchi yetu yapita nchi nyingi kwa jambo hili. Wairaqw wa Karatu husema lugha ya jamii ya Kikushi. Wadatoga na Wamasai husema za Kiniloti. Na Wahadzabe wa upande wa ziwa Eyasi wana lugha yao yenye vidoko, ambayo wataalamu hawajaithibitisha kuwa na undugu na nyingine yoyote. Mtoto huingia darasa la kwanza, na shule za serikali hufundisha kwa Kiswahili. Akifika sekondari, masomo hugeuka kuwa ya Kiingereza, na asiyesikia huwa hasikii tena. Kipimo chake ni rahisi: mpe mtoto maagizo mawili kwa Kiswahili, kisha siku nyingine maagizo mengine mawili kwa lugha ya mama yake, kwa kinywa cha mtu anayeijua vizuri. Akiyashika ya lugha ya mama na kuyapoteza ya Kiswahili, ana haja ya mwalimu mvumilivu, si ya daktari. Akiyapoteza yote, tuendelee kutafuta.

Hapo yako magonjwa na mateso yanayojifananisha na maana ya nne. La kwanza ni kifafa cha kuduwaa. Mtoto huacha kusema katikati, macho yakakaza au kope zikapepesa, kwa sekunde chache tu, kisha akaendelea kana kwamba hapakuwa na neno. Na huweza kumpata mara nyingi kwa siku. Mtoto wa makini machache ukimgusa bega hurejea. Wa kifafa harejei mpaka sekunde hizo zipite. Katika nchi ya Mbulu, jirani zetu, madaktari wa Hospitali ya Haydom wamechunguza kifafa kwa miaka mingi, pamoja na kile kitokanacho na tegu wa nguruwe, ambaye mayai yake yakimezwa huweza kuzaa malenge ndani ya ubongo.

La pili ni malaria ya kichwa. Huko Kampala, Michael Boivin, Chandy John na wenzao waliwafuata watoto waliopona malaria hiyo. Mwaka 2008 waliandika ya kuwa baada ya miaka miwili mtoto mmoja katika wanne alikuwa na upungufu wa akili, na zaidi katika makini. Kwa hiyo mama wa bonde la Eyasi aulizwe kama mtoto amepata kuzimia kwa homa. Tena kuna njaa ya asubuhi, mwendo mrefu wa kwenda shule, usingizi mchache, msiba, mapigo ya nyumbani, na kuhama. Tangu Juni 2022 jamaa nyingi zimeondoka Ngorongoro kwenda Msomera katika wilaya ya Handeni. Mtoto aliyebadilishiwa nchi, shule na marafiki kwa mara moja huweza kupotewa na makini pasipo ugonjwa wowote. Ndiyo sababu miezi 6 hutakiwa, na ndiyo sababu huulizwa mambo yalianza lini.

Maana ya tatu, yaani utii, twaiweka mwisho kwa kusudi, ingawa ndiyo inayotangulia kusemwa. Mkaidi huchagua: husikia akitaka, na hukataa kazi hii kwa sababu ya mtu huyu. Mtoto wa maana ya nne hukosea hata katika mambo anayoyapenda kwa moyo wote. Husahau viatu vya mpira siku ya mchezo, naye ndiye mchezaji. Akiulizwa kwa nini, hulia kwa haki, maana hajui. Mambo mawili huweza pia kukaa katika mtoto mmoja, hasa akiwa amekemewa miaka mingi. Mwaka 2014 Tobias Hecker na wenziwe walichapisha habari za watoto 409 wa shule ya msingi Tanzania, wakaonyesha ya kuwa viboko vingi huambatana na matatizo mengi zaidi ya mwenendo. Huambatana, twasema, lakini haikuonekana kwamba viboko viliyapunguza.

V. Maswali yaliyozaliwa mbali

Karatasi za maswali zitumiwazo na wapimaji, kama zile za Conners, ziliandikwa kwa watoto wenye dawati, kalamu na chumba chao. Zikifasiriwa neno kwa neno huleta majibu yasiyo na maana. Swali moja lauliza kama mtoto hupoteza kalamu na vitabu. Lakini ambapo kalamu moja ni ya ndugu watatu, yupi ameipoteza? Jingine lauliza kama huondoka mahali pake. Lakini aketiye wa nne katika benchi la watoto watatu husukumwa chini, haondoki. Jingine lasema mtoto yu kama aendeshwaye na mota. Mama wa Kakesio atacheka, na ana haki.

Afrika ya Mashariki imekwisha kuonyesha njia iliyo bora. Huko Kilifi, pwani ya Kenya, Penny Holding na wenziwe walieleza mwaka 2004 jinsi walivyotengeneza upya vipimo vya akili vipate kuwafaa watoto wa kijijini, na mwaka 2008 Amina Abubakar na wenziwe wakatoa kipimo cha makuzi ya watoto wadogo kilichotungwa huko huko. Na karibu na Bagamoyo, Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao, miongoni mwao Watanzania, waliwapima watoto wa shule, kisha wakawafundisha kwa muda usiozidi saa moja namna ya kuzifikiri kazi zile, wakawapima tena. Mwaka 2002 waliandika ya kuwa watoto walipanda, na ya kuwa kipimo cha pili kilionyesha uwezo wao vizuri kuliko cha kwanza. Mafundisho ya jambo hili kwetu ni haya: usimhukumu mtoto kwa mara ya kwanza aonapo karatasi; mfundishe kidogo, kisha tazama.

Basi maswali yatafutwe katika kazi za mtoto mwenyewe. Kwa layoni wa Ngorongoro, mzee aulizwe hivi: "Mzee, kundi likigawanyika, huyu hukumbuka mbuzi walio nyuma? Ukimtuma vitu viwili, hurudi na vingapi? Zamu yake ya kunywesha hungoja, au huwaingilia wenziwe? Wazee wakisema, hukaa kimya kama rika lake?" Kwa mtoto wa Karatu mjini, mama aulizwe: "Mama, ukimwachia sufuria motoni, hurudi kuitazama? Barabara kuu huivuka kwa kuangalia, au huchomoka tu? Ukimtuma dukani, hufika, au hukutwa njiani akitazama fundi wa pikipiki?" Haya ndiyo mahali pa pili patakiwapo na taratibu. Shule ni shahidi mmoja. Malisho, shamba na jiko ni shahidi wa pili.

Na neno rika lina faida kubwa hapa. Taratibu za matabibu husema dalili zizidi zile za watoto wa umri huo, na jamii zetu zina kipimo hicho tayari. Mzee hahitaji kujua miaka. Aulizwe tu kama mtoto huyu ni tofauti na wenzi wa rika lake. Mwalimu yampasa kuangalia zaidi, kwa sababu darasani watoto wa umri mbalimbali huketi pamoja. Huko British Columbia, nchini Kanada, ilionekana mwaka 2012 kwamba wavulana waliozaliwa Desemba, yaani wadogo wa darasa lao, waliambiwa kuwa na ugonjwa huu kwa 30 kwa mia zaidi ya waliozaliwa Januari. Udogo ulihesabiwa kuwa ugonjwa.

Yako mambo mawili ya kujihadhari nayo katika ushahidi wa malisho. La kwanza, mtoto kuchonga rungu saa nzima bila kuinua kichwa si hoja ya kuwa hana ugonjwa. Wenye upungufu huu huweza kudumu sana katika kiwapendezacho. Huanguka katika kazi ya kuchosha. La pili, tabia ile ile huweza kufaa mahali pamoja na kudhuru pengine. Mwaka 2008 Dan Eisenberg na wenziwe waliandika habari za Waariaal, wafugaji wa kaskazini ya Kenya. Waliangalia mbegu ya urithi ambayo wataalamu wengine waliihusisha na upungufu wa makini. Wanaume wenye mbegu hiyo walioishi kwa kuhamahama walikuwa na miili yenye kushiba kuliko wenzao. Wale waliokwisha kukaa mahali pamoja walikuwa wamekonda kuliko wenzao. Hii haithibitishi kwamba malishoni ugonjwa haupo. Yatukumbusha tu kwamba anayepima sharti aulize: mtoto huyu adhurika wapi, na kwa kazi gani?

VI. Watu wazima

Zamani ilidhaniwa ya kuwa mtoto akibalehe hupona. Siku hizi yajulikana ya kwamba kwa wengi sehemu ya ugonjwa hubaki, ila sura yake hugeuka. Mbio za miguu hupungua, na mbio za ndani hubaki. Mtu mzima huanza biashara tatu asimalize moja, husahau ahadi, hupoteza fedha na funguo, hukatiza maneno ya wengine, huacha kazi kwa hasira ya saa moja, au huendesha pikipiki kwa papara. Jirani humwita asiyeaminika.

Kwa mwenye miaka 17 au zaidi, dalili 5 zatosha katika fungu, wala si 6. Walakini ni lazima baadhi zilionekana kabla ya miaka 12. Shirika la Afya Duniani, pamoja na Ronald Kessler na wenziwe, lilitoa mwaka 2005 karatasi ya maswali 18 kwa watu wazima, na 6 kati yake ni ya kuchuja kwanza. Karatasi hiyo haikati shauri; husema tu ni nani apimwe zaidi. Hapa shahidi bora ni mama, shangazi, au kaka mkubwa aliyelala naye chumba kimoja. Nayo taarifa ya shule ya zamani, kama ipo, ni hati ya thamani, mradi mwalimu wa siku zile aliandika vitendo na si matusi. Tena daktari huuliza juu ya pombe, huzuni, wasiwasi na usingizi, kwa kuwa haya nayo huiba makini ya mtu mzima.

Mchungaji na padre huletewa watu hawa mara nyingi kuliko daktari, kwa njia ya ugomvi wa ndoa. Inafaa basi waulize swali moja zaidi ya kawaida: "Tangu lini?" Mume aliyebadilika mwaka jana ana habari nyingine. Mume aliyekuwa vile tangu akichunga ndama, na mama yake akashuhudia, yafaa apimwe kabla ya kuhukumiwa.

VII. Baada ya kupimwa

Mwalimu hapimi ugonjwa. Mwalimu huleta ushahidi. Kwa nchi yetu safari huanza katika zahanati, kisha hospitali, kama ile ya Kilutheri ya Karatu au ile ya Endulen, na kwa mabingwa hufika KCMC huko Moshi. Hospitali ya FAME ya Karatu nayo imepata kupokea madaktari wa mishipa ya fahamu kutoka Chuo Kikuu cha Pennsylvania, nao ni msaada hasa pale kifafa kinaposhukiwa. Kwa mambo ya darasani, Chuo cha Ualimu cha Patandi, karibu na Arusha, hufundisha walimu wa elimu maalumu.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani waweka mbele mafundisho kwa wazazi na msaada wa shuleni. Dawa iitwayo methylphenidate huwafaa wengi, lakini huangaliwa baada ya hayo, kwa mtoto wa miaka 6 au zaidi, na kwa shauri la bingwa. Darasani mambo ni machache na hayagharimu fedha. Mtoto aketi mbele, mbali na mlango. Aambiwe jambo moja kwa mara moja, akitazamwa usoni, naye alirudie kwa kinywa chake. Kazi ndefu ikatwe vipande. Apewe ruhusa ya kusimama kwa kazi yenye maana, kama kugawa madaftari. Asifiwe papo hapo anapomaliza, kwa kuwa sifa ya mwisho wa muhula iko mbali naye kama mwaka ujao.

Kwa taarifa, twaomba wenzetu waliache neno "hasikii" likae peke yake. Mahali pake paandikwe hivi:

"Kwa wiki nne tumemwangalia. Tarakimu zilizonong'onwa alizirudia zote, masikio mawili. Maagizo mawili kwa Kiswahili alishika moja, siku tano katika sita. Kwa Kiiraqw vivyo hivyo. Akiguswa bega hurejea mara moja. Hesabu kumi alimaliza nne, na hizo nne ni sahihi. Aliondoka mahali pake mara saba katika kipindi kimoja. Wenziwe wa benchi mara moja. Mama yake asema nyumbani husahau alichotumwa tangu akiwa mdogo, na kwamba mdogo wake humpita kwa hilo. Hajapata kuzimia. Asubuhi hunywa uji kabla ya kuja."

Taarifa ya namna hii huandikwa kwa dakika chache, haihitaji chombo chochote, na daktari aipatapo amepunguziwa nusu ya kazi. Mtoto naye amepata mashahidi wawili, badala ya hukumu ya neno moja.